Kielelezo Namba Tatu

Mimi karani. Nalipwa kuandika, silipwi kukumbuka.
Niliandika tarehe. Niliandika: shauri la ardhi,
wanawake kumi na saba wa Bwejuu
dhidi ya mwenye ukuta.
Niliandika: shahidi wa kwanza, Kazija binti Mcha,
umri haujui; alizaliwa, asema,
mwaka ule nzige walipokula hata makuti.

Wakili akamuuliza hati.
Akajibu, "Shimo."
Akamuuliza mipaka.
"Mawe manne, na la tano alilitia mama
siku aliyonionesha."
Nani alishuhudia siku hiyo?
"Maji," akasema. "Yalikuwa yamekupwa."

Watu wakacheka. Nikaandika: kicheko.
Fomu haina nafasi ya kuandika
kwamba shimo la pili, upande wa kibla,
ni la mama yangu.

Nawe usomaye, nikwambie, maana jalada halikubali:
makumbi huzikwa pwani,
yakafunikwa mchanga, yakagandamizwa mawe,
yakaachwa miezi sita, minane,
bamvua ipite juu yake na maji mafu yapite.
Yakifukuliwa yananuka. Mgeni hukunja uso.
Sisi huhesabu: hii ada, hiki kibaba cha mchele.
Kisha kuyapiga kwa mti mpaka usumba utoke,
kuanika, kuchambua, kusokota pajani
hata paja likawa na njia isiyoota malaika.
Sare yangu ya skuli ilitoka mle shimoni.
Nauli ya kwenda mjini kufanya mtihani.
Herufi ya kwanza niliyoiandika ina chumvi.

Shahidi wa pili alikuwa Sheha.
Alisema pwani ni mali ya serikali. Kweli, sheria nimeisoma.
Alisema hoteli imeajiri vijana arobaini na mmoja. Kweli pia.
Mmoja wao Vuai, mtoto wa Kazija mwenyewe,
mlinzi wa geti, koti la buluu, tochi ndefu.
Jioni ukuta ulipofika mashimoni
ndiye aliyesema, kwa adabu,
"Shikamoo mama. Huku hakupitwi tena."
"Marahaba," akaitikia, akageuka na gunia lake tupu.
Hilo hakimu hakuuliza.
Wala hakuuliza ni mshahara wa nani
unaonunua dawa ya presha
anayoimeza Kazija alfajiri
kabla ya kuja kumshitaki mwajiri wa mwanawe.
Mahkama ina mizani, imechorwa mlangoni.
Sijui haya yangetiwa sahani gani.

Siku ya tatu akaja na gunia limejaa.
"Kielelezo," akasema; neno alilisikia kwetu humu humu.
Akamimina sakafuni: makumbi ya shimo lake,
meusi, yanachuruzika,
yaliyotolewa usiku ndani ya ukuta.
Nani aliyatoa, hakusema.
Nyuma ya mlango niliona ncha ya koti la buluu.
Hakimu akaziba pua kwa leso. Wakili akakimbilia madirisha.
Nami, karani, nikavuta pumzi
mpaka kifua kikafika nyumbani.

Shauri likaahirishwa. Likaahirishwa tena.
Mfunguo Tatu. Mfunguo Sita.
Makumbi yako stoo, yamebandikwa namba,
na harufu imepanda ngazi,
imeingia katika majalada ya watu wengine,
mirathi, mipaka, mikarafuu iliyouzwa mara mbili;
mtu wa Muyuni akija kuulizia kesi yake ya kiwanja
anarudi kwao na pwani yetu kwenye nguo.

Jana mtunza stoo ameleta barua:
kielelezo namba tatu kimeharibika, kiruhusiwe kutupwa.
Inahitaji muhuri wangu tu.
Kimeharibika!
Bwana we, hakijaharibika. Kimeiva.
Kinangoja mti, na mkono wa kukipiga.

Muhuri nimeufungia mtotoni mwa meza.
Barua ipo, nimeiwekea kikombe cha chai.